Cheti cha afya cha rubani huhesabu watu wawili

Kwenye vyeti vya afya vya baadhi ya marubani wa Ulaya huandikwa herufi tatu: OML. Mwenye cheti hicho anaruhusiwa kurusha ndege ya abiria, ila si peke yake. Kiti cha pili lazima akikalie rubani aliyehitimu aina ileile ya ndege, asiye na sharti kama hilo na ambaye hajafikisha miaka 60. Wanaopewa alama hiyo ni watu kama rubani aliyepata mshtuko wa moyo, akatibiwa na kupona. Katika nchi chache, Uingereza na Ireland zikiwamo, yumo pia mwenye kisukari anayetumia insulini, anayepima sukari yake angani kwa ratiba isiyo na mzaha.

Herufi hizo zinagusa jambo ambalo mjadala wa kupunguza marubani wa ndege za abiria kutoka wawili hadi mmoja hulipita haraka mno. Mjadala wenyewe umeng'ang'ania mikono: kompyuta inaendesha vizuri, basi mikono ya mtu wa pili ni ya nini? Lakini rubani wa pili hayupo pale kwa ajili ya mikono tu. Utaratibu mzima wa kuamua nani ana afya ya kutosha kurusha ndege ya abiria umesimama juu ya kuwapo kwake. Mwondoe, hata kwa saa tatu za katikati ya safari, na vyeti vyote vilivyo mifukoni mwa marubani leo vitakuwa vimejibu swali ambalo halikuulizwa.

Hesabu yenyewe inafahamika miongoni mwa madaktari wa anga kama kanuni ya asilimia moja, na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, huieleza kwenye mwongozo wake wa tiba. Mwaka una saa 8,760. Zikadirie kuwa 10,000. Rubani mwenye uwezekano wa asilimia 1 wa kuzidiwa ghafla ndani ya mwaka ana uwezekano wa takriban 1 kwa milioni katika saa yoyote utakayoichagua. Katika safari ya saa moja, dakika ambazo kuzidiwa kwake kunaweza kuiangusha ndege, yaani za kupaa na kutua, ni kama 6, sehemu moja ya kumi. Tumefika 1 kwa milioni 10. Kisha majaribio ya kwenye simuleta, mashine ya mazoezi inayoiga ndege, yalionyesha kwamba mmoja akizidiwa katika dakika hizo mbaya, mwenzake huiokoa ndege karibu mara 99 kati ya 100. Ndipo inapopatikana 1 kwa bilioni, kiwango ambacho usafiri wa anga unakikubali.

Sasa tazama sifuri zipi zimebebwa na mtu wa pili. Mbili za mwisho ni zake waziwazi. Ile ya kugawa kwa kumi nayo ni yake, kwa sababu dakika 54 za katikati zimepuuzwa kwa dhana kwamba yupo mtu mwingine aliye macho, amefunga mkanda, anajua ndege iko wapi na mafuta yamebaki kiasi gani. Jumla ni sifuri tatu, yaani mara 1,000. Bila yeye tunarudi kwenye 1 kwa milioni kwa kila saa. Na saa milioni moja si nyingi kama zinavyosikika. Ndege 250 za masafa marefu, kila moja ikiruka saa 4,000 kwa mwaka, zinazimaliza ndani ya mwaka mmoja.

Haki inataka tutenganishe mapendekezo mawili, maana huchanganywa sana. La kwanza, linaloitwa kwa kifupi eMCO, linabakiza marubani wawili wakati wa kupaa na kutua, ila ndege ikishatulia juu mmoja anakwenda kulala na mwingine anabaki peke yake. Leo safari ndefu za namna hiyo hubeba marubani watatu au wanne ili wawili wawe macho muda wote. Mwaka 2021 ilifahamika kwamba Airbus na Cathay Pacific zilikuwa zikifanyia kazi mpango wa aina hii kwa ndege ya A350. Pendekezo la pili ni rubani mmoja tangu mlangoni hadi mlangoni, akisaidiwa na mtu aliye ardhini. Hilo liko mbali, na sitalipa nafasi kubwa hapa.

La kwanza limeshachunguzwa kwa kina. Wakala wa usalama wa anga wa Ulaya, EASA, uliagiza utafiti ulioongozwa na kituo cha anga cha Uholanzi, NLR, na matokeo yalitolewa mwaka 2025. Hitimisho ni kwamba kwa vyumba vya marubani vilivyopo leo haiwezi kuthibitishwa vya kutosha kuwa usalama utabaki sawa na wa marubani wawili. Sababu zilizotajwa ni za mwili kuliko za mitambo: kuzidiwa, uchovu, usingizi, kukosa mtu wa kukagua kazi yako, na haja ya kwenda chooni. Nadhani hitimisho hilo ni sahihi, na ni vyema likaeleweka kwa undani, kwa sababu shinikizo la gharama litarudi pamoja na chumba kipya cha marubani chenye skrini nzuri zaidi.

Watu wakisikia rubani amezidiwa, hufikiria moyo. Hutokea kweli. Oktoba 2024 rubani mkuu wa Turkish Airlines alifariki angani kati ya Seattle na Istanbul, na wenzake wakaitua A350 hiyo New York. Mwaka 2009 rubani mkuu wa Continental alifariki kati ya Brussels na Newark. Mwaka 2015 mwingine wa American Airlines akafariki kati ya Phoenix na Boston. Safari zote tatu zilitua salama, na ndiyo maana wengi wamezisahau. Lakini kinachomtoa rubani kitini mara nyingi zaidi ni tumbo. Uchunguzi wa mamlaka ya Australia, ATSB, uliweka magonjwa ya tumbo mbele ya sababu nyingine zote, yakifuatwa na kumulikwa kwa leza kutoka ardhini. Rubani anayetapika na kuharisha hajafa, hajapoteza fahamu, na kipimo cha mapigo ya moyo kitasema yuko sawa. Ila kiti kiko tupu kwa dakika 40. Mashirika mengi huwataka marubani wawili wale vyakula tofauti, tahadhari rahisi ambayo haina maana yoyote ikiwa mmoja wao atakuwa kitandani.

Baya zaidi ni kuzidiwa kusikoonekana. Macho yako wazi, mkono uko kwenye kidhibiti, kumbe akili imeondoka. Oksijeni ikipungua huanza hivyo. Sukari ikishuka, vivyo hivyo. Hata kiharusi kidogo. Mgonjwa mwenyewe hajui, na mara nyingi anajiona yuko vizuri kuliko kawaida. Usafiri wa anga umejiwekea mitego ya kumnasa. Ndege inapokimbia kwenye njia ya kurukia, ikifika kasi ya takriban kilomita 150 kwa saa, au 185 kutegemea aina ya ndege, rubani anayefuatilia hutamka kasi hiyo kwa sauti na anayeendesha sharti aitikie. Wote wawili wanaziona saa za kasi, na wanachokagua ni pamoja na kama zinakubaliana. Wanachokagua vilevile ni mtu: asiyeitikia pale, kuna jambo. Baadaye angani ipo desturi ya kuuliza mara mbili. Mwenzako akipotoka njia, mwambie. Asipojibu ipasavyo, mwambie tena. Asipojibu mara ya pili, chukua ndege. Kipimo hiki hakitumii umeme wala programu. Kinachohitaji ni mtu wa pili.

Tukio la Februari 17, 2024 linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa liliifanyia eMCO jaribio bila mtu kupanga. Ndege ya Lufthansa aina ya A321 ilikuwa ikitoka Frankfurt kwenda Seville ikiwa na abiria 199. Rubani mkuu alitoka kwenda chooni. Akiwa nje, rubani msaidizi mwenye umri wa miaka 38 akashikwa na degedege. Waongoza ndege walimwita mara tatu kwenye redio, kimya. Rubani mkuu aliporudi alibonyeza namba ya kawaida ya mlango mara tano. Hiyo hupiga kengele tu ili aliye ndani afungue. Mhudumu alijaribu simu ya ndani, haikupokelewa. Ndipo rubani mkuu akaingiza namba ya dharura, ambayo nayo haifungui papo hapo, kwa sababu mlango uliimarishwa baada ya Septemba 11, 2001 ili aliye ndani apate muda wa kumkatalia mvamizi. Kabla muda huo haujaisha, rubani msaidizi mwenyewe alifungua, amepauka, anatoka jasho, hajiwezi. Ndege ilikuwa imeruka takriban dakika 10 bila mtu wa kuiongoza. Ilielekezwa Madrid ikatua.

Wachunguzi wa Hispania walibaini kwamba ugonjwa ule usingegunduliwa kwa urahisi kwenye uchunguzi wa afya, isipokuwa dalili zingejitokeza wakati wa kipimo chenyewe. Hapo ndipo penye kiini. Kipimo cha moyo cha mapumziko huchukua sekunde chache za maisha ya mtu, mara moja au mbili kwa mwaka. Degedege la kwanza maishani halina historia ya kuandika kwenye fomu. Daktari wa anga anajua hivyo, na bado anatia sahihi kwa dhamiri safi, kwa sababu hesabu yake ina mtu wa pili.

Watengenezaji wana jibu: weka vihisi. Kamera ifuatilie kope, kiti kipime mapigo ya moyo, kompyuta imwamshe aliyelala. Vifaa hivyo ni vizuri na vingine vingefaa hata leo, wakiwa wawili. Lakini jaribu kuzitia namba. Tuseme kihisi ni bora sana, kinapiga kelele bure mara moja tu katika saa 1,000. Kuzidiwa kwenyewe ni mara moja katika saa milioni moja. Maana yake, kwa kila kengele ya kweli kutakuwa na kengele 1,000 za uongo, na kila moja inamtoa mtu usingizini aje mbio. Baada ya miezi michache kifaa kitapunguzwa ukali ili watu walale, na kile kilichopunguzwa ndicho kitakachokosa degedege.

Mtu aliyeamshwa naye ana ugonjwa wake wa muda. Kiswahili kina neno lake, mang'amung'amu: umefumbua macho, unaongea, hata unatembea, lakini hukumu yako bado imelala. Kwa kawaida hali hiyo huchukua dakika 15 hadi 30, na huwa nzito zaidi ukiamshwa kutoka usingizi mzito, hasa kati ya saa nane na saa kumi na mbili alfajiri, mwili unapokuwa chini kabisa. Kwa hiyo mashirika yanayoruhusu rubani asinzie kitini kwa utaratibu huweka kikomo cha kama dakika 40, na humzuia kugusa kazi kwa muda fulani baada ya kuamka.

Januari 14, 2011, kwenye Boeing 767 ya Air Canada iliyokuwa ikivuka Atlantiki kwenda Zurich, kikomo hicho kilipitwa. Rubani msaidizi alilala takriban dakika 75. Alipoamka alisikia habari ya ndege ya kijeshi inayokuja mbele, futi 1,000 chini yao. Kwanza aliidhania sayari ya Zuhura kuwa ndiyo ndege hiyo. Alipoiona ndege yenyewe, akaamini inawajia usoni, akasukuma usukani chini. Watu 16 waliumia, abiria 14 na wahudumu wawili. Ndege iliokolewa na rubani mkuu aliyekuwa macho pembeni yake, akavuta kinyume. Katika eMCO, kiti cha aliyeokoa ndicho kinachokuwa na mgonjwa, na anayeitwa kusaidia ndiye mwenye mang'amung'amu.

Muda nao haupo. Air France 447, Juni 1, 2009, ilikuwa na marubani wawili macho wakati otopailoti, mtambo unaoiendesha ndege wenyewe, ilipozima juu ya Atlantiki. Rubani mkuu alikuwa ameenda kupumzika chini ya dakika 10 kabla, kwa hiyo hakuwa hata kwenye usingizi mzito. Alirudi chumbani takriban dakika moja na nusu baada ya tatizo kuanza. Ndege ilikuwa tayari imepoteza mbebeo wa mabawa na inashuka kwa kasi ya kama futi 10,000 kwa dakika. Tangu otopailoti kuzima hadi kugonga maji zilipita dakika nne na sekunde 23. Watu 228 walikufa. Wapo wanaotumia ajali hii kusema kwamba marubani wawili hawatoshi kuzuia kosa. Mimi naiona inasema jambo jingine: mtu anayeingia katikati ya tatizo, hata awe na uzoefu gani, hupata picha iliyokwisha kuvurugika na hana dakika za kuipanga upya.

Ukipotea mgandamizo wa hewa ndani ya ndege, saa hukimbia zaidi. Kwenye futi 35,000 mtu ana sekunde 30 hadi 60 za akili timamu bila oksijeni. Kwenye futi 40,000 ana 15 hadi 20, na mgandamizo ukitoka ghafla muda huo hupungua kama nusu. Ndiyo maana barakoa ya rubani imesanifiwa ivaliwe kwa mkono mmoja ndani ya sekunde tano, na sheria za Marekani kwa muda mrefu zimemtaka rubani anayebaki peke yake katika vimo vya juu aivae hadi mwenzake arudi. Inawezekana kwa dakika tano za choo. Kwa saa tatu, usiku, na mpira umekaza uso na koo limekauka, ni adhabu. A350 inaweza kushuka yenyewe hewa ikitoka, na hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini kumbuka safari ya 522 ya shirika la Helios la Cyprus, Agosti 14, 2005: kidhibiti cha mgandamizo kiliachwa mahali pasipo pake, hewa ikapungua polepole ndege ikipanda, marubani wakaelewa vibaya kengele iliyokuwa ikiwaambia, na watu 121 wakafa karibu na Athens. Wawili walilikosa. Ukiwa peke yako unakosa hata yule ambaye pengine angeuliza, "Mbona kengele hii inalia tukiwa angani?"

Choo chenyewe kinachekesha watu, na hakipaswi kuchekesha. Mtu mzima aliyekaa saa tatu atahitaji kwenda. Akienda, chumba kinabaki bila mtu kitini, au amwamshe mwenzake kila mara na kuharibu pumziko ambalo mpango mzima umejengwa juu yake. Akijizuia kunywa maji ili asiende, anakaribisha uchovu na mawe ya figo, na maumivu ya jiwe la figo ni mojawapo ya mambo yanayomlaza rubani chini ghafla.

Hoja iliyo na uzito zaidi upande wa pili ni ya historia. Ndege za miaka ya 1950 zilikuwa na watu watano mbele: marubani wawili, mhandisi, mwelekezi wa njia na mtu wa redio. Kila alipoondolewa mmoja kulikuwa na kelele, na mwaka 1981 tume ya rais wa Marekani ikathibitisha kwamba wawili wanatosha. Ni kweli, na waliokuwa na hofu wakati ule walikosea. Lakini kila aliyeondolewa alikuwa akitazama chombo: saa za injini, nyota, redio. Kazi ya kutazama chombo ilihamia kwenye kompyuta ikafanywa vizuri zaidi. Sasa anayeondolewa ni wa mwisho anayemtazama mtu.

Hoja nyingine ni kwamba wawili nao hushindwa. Januari 25, 2024 marubani wote wawili wa Batik Air ya Indonesia walilala kwa dakika 28 kati ya Kendari na Jakarta. Dawa ya wawili waliochoka ni ratiba ya kazi inayowaacha walale nyumbani, na sioni vipi inaweza kuwa kupunguza mmoja. Ajali ya Germanwings, Machi 24, 2015, ambamo rubani msaidizi aliiangusha ndege makusudi na watu 150 wakafa, ilitokea hasa wakati mmoja alipobaki peke yake nyuma ya mlango uliofungwa. Na kuna jeraha jingine la ajali ile: rubani anayeogopa kunyang'anywa cheti huficha ugonjwa wake. Ukimwondoa mtu wa pili, asilimia 1 haitoshi tena. Itabidi ukaze masharti, uwatoe wote wenye OML, utoe na wenye umri, kwani tayari rubani aliyefikisha 60 haruhusiwi kubeba abiria kibiashara akiwa peke yake. Kadiri masharti yanavyokazwa, ndivyo fomu zinavyojazwa uongo. Mwaka 2025 chama cha mashirika ya ndege, IATA, kiliomba umri wa marubani upandishwe kutoka 65 hadi 67, kwa sharti kwamba mwenzake awe chini ya 65. Ombi hilo linakiri lenyewe usalama unatoka wapi.

Wapo pia wanaotaja mtambo wa Garmin unaotua ndege ndogo wenyewe rubani akizidiwa, ulioidhinishwa mwaka 2020. Ni kazi ya kuokoa maisha. Lakini kwenye ndege ndogo mbadala wake ulikuwa abiria wasiojua kitu na kifo. Kwenye ndege ya abiria 300 mbadala ni rubani aliyehitimu ambaye yupo kitini leo. Tena ndege kubwa ikitua yenyewe hutegemea vifaa vya redio vilivyo kwenye njia husika na upepo wa ubavu usiozidi mipaka, na uwanja wa karibu katikati ya bahari mara nyingi hauna vifaa hivyo.

Anayetaka kibali cha eMCO aonyeshe jaribio moja. Simuleta, saa tisa na nusu usiku, kwa marubani wa kawaida wa shirika walio kwenye siku yao ya tatu ya kazi, wala si marubani wa majaribio wa kiwanda. Mmoja amelala dakika 50 kitandani, nyuma ya mlango uliofungwa. Aliye kitini ananyamaza bila onyo, mwili umeegemea vidhibiti, kwenye futi 39,000, na dakika mbili baadaye hewa inatoka. Pima sekunde hadi kengele ilie, hadi mlango ufunguke, hadi barakoa ivaliwe, hadi mwili mzito uondolewe kwenye vidhibiti, hadi uamuzi wa kwanza sahihi ufanyike. Rudia mara mamia, na kila jozi isijue usiku gani litatokea. Kisha linganisha na jozi nyingine zenye wawili macho, na uchapishe matokeo yote, yaliyoshindwa yakiwamo.